Msiba wa Wiki ya Mitihani

Wasomaji wangu, wiki iliyopita tumemzika, kule kijijini Usagara, yule mama jirani yangu wa Buswelu, aliyekuwa mshauri wa wanafunzi katika chuo kimoja hapa Mwanza mpaka alipostaafu. Nimeumia, sifichi. Nani sasa atanigombeza nikiandika kwamba vijana wa chuo wanafeli kwa sababu ya simu na starehe? Nilikuwa nikiandika hivyo, asubuhi yake yuko getini na gazeti mkononi, na shikamoo yangu haitikii vizuri. "Marahaba. Umewauliza kama wamekula? Umeuliza wanalala wangapi chumba kimoja kule Mkolani? Nyumbani kwao je, kukoje?" Kisha anaketi, anakunywa chai yangu huku akilalamika kwamba haina majani ya kutosha.

Hilo la nyumbani lilikuwa na kisa chake. Mnaijua desturi yetu: mtoto akiwa kwenye mitihani, msiba unafichwa mpaka aweke kalamu chini, na sisi tunaona huo ndio upendo. Mwaka mmoja alifiwa na baba kijana wa Ukerewe, kichwa kweli kweli. Ndugu wakamwomba mama huyu afunge mdomo, naye akafunga. Kila asubuhi alimkuta mlangoni pa ukumbi wa mitihani, akamwambia, "Kaza, baba." Kijana akafaulu, akapanda kivuko na shati jipya la kumpelekea baba yake, akakuta kaburi limeanza kuota nyasi. Muhula uliofuata akawa anaingia kwenye pepa, anaandika jina, anakaa. Akadisko, chuo kikamwondoa kwa kufeli. Siku anaondoka alimwambia, "Mama, ulikuwa unanisalimia huku unajua." Mama huyu aliponisimulia hayo alitokwa machozi. Tangu hapo hakuficha tena msiba wa mtu. Mwanafunzi akifiwa, alimwita ofisini, akamwambia, akamwombea ruhusa akazike na mtihani aje kuufanya baadaye. Alitukanwa sana na wazazi kwa hilo.

Sasa oneni mambo. Mauti yamemkuta mwenyewe huku binti yake wa mwisho yuko chuo Dodoma, katikati ya mitihani ya mwaka wa pili. Kwenye kikao cha ukoo, nami jirani nikiwemo, mjomba wa binti akasema, "Asiambiwe. Tuzike, atakuja kuona kaburi." Watu wakatikisa vichwa kukubali! Nikashindwa kuvumilia.

"Jamani, kwa marehemu huyu huyu?"

"Kwa hiyo wewe unataka mtoto wetu adisko?"

"Nataka amzike mama yake!"

Nikawapa habari ya kijana wa Ukerewe. Mjomba akanisukumia simu. "Haya, mpigie wewe mwenye maneno."

Nilipiga. Sijamaliza hata salamu, binti, ambaye kwa ujirani huniita baba mdogo, akaniuliza, "Baba mdogo, ni mama, eti?" Nikamwambia ndiyo. Akalia, kisha akasema, "Tangu jana kila ndugu nikimpigia ananiambia soma tu, soma tu. Leo nimekaa na pepa mbele yangu, sijaandika kitu."

Tukitafuta kwa nini vijana wetu wanafeli tunataja uvivu, walimu, vitabu. Siri zetu hatuzitaji, tunazowafichia tukidhani tunawasaidia, kumbe wanaingia nazo ukumbini. Mtoto aliyefika chuo anaweza kuambiwa ukweli. Mwambieni, kisha mkae naye.

Binti alifika, akatia udongo kaburini kwa mkono wake. Baadaye mjomba, kwa upole safari hii, akamuuliza mitihani itakuwaje.

"Nitafanya Septemba, mjomba," alisema. "Mama ningemzika lini?"