Lori limejaa maji, timu iko kwenye meeting: yaliyonikuta Garissa miaka ya tisini

Wakuu, habari za leo. Vuteni viti. Haya niliyashuhudia mwenyewe, siongezi chumvi, na waliokuwepo bado wako hai wa kunisuta.

Nimewasoma vijana humu wakilalamika kuhusu timu zao za kutunga program, zile za mtindo wa agile. Kila asubuhi wanasimama kwenye meeting, jioni hakuna lililoamuliwa.

Ugonjwa huo ni wa zamani. Nilikutana nao kabla haujapewa jina.

Nilikuwa nimerudi kutoka India na diploma ya computer. Sikusomeshwa na mtu, niliosha sufuria za hoteli mpaka nikahitimu. Diploma iko kwenye fremu sebuleni. Siku hizo ukitaka program itungwe, kuanzia Garissa hadi Mandera, ulikuwa unaniita mimi. Si majivuno. Hapakuwa na mwingine.

Shirika moja la misaada likanipa kazi. Kiangazi kilikuwa kikali, nami nitunge program ya kupanga malori ya maji yaende wapi.

Timu ilikuwa hivi. Bosi alikuwa Mzee Dakane. Mutua, kijana wa Kitui, alishika ramani. Hodan alizunguka malishoni, akijua kila ukoo umehamia wapi.

Kila asubuhi tulikutana tukiwa tumesimama, kwa sababu viti vilikuwa vimeazimwa na ofisi ya jirani.

Mutua akasema lori lifuate jina la mahali, kama lilivyo kwenye ramani. Hodan akasema lifuate watu, kwa sababu mahali hapanywi maji.

Mzee Dakane akafikiri. Akasema, "Wote wamesema fizuri. Weka zote mbili."

Nikaziweka zote mbili. Nikauliza, zikigongana ipi ishinde?

"Hiyo tutaongea."

Niwaeleze wageni wa huko kwetu. Kikao chetu hakimwachi mtu ameshindwa mbele ya watu. Mnaongea mpaka kila mmoja aondoke na kitu mkononi. Kwa ugomvi wa kisima, hakuna dawa bora. Tena Mutua alikuwa mgeni. Nani amwaibishe mgeni?

Basi kila asubuhi tuliongea. Kila asubuhi wote walikuwa wamesema vizuri.

Siku moja kanuni hizo mbili zikagongana. Ukoo mmoja wa upande wa Modogashe ulikuwa umehama. Ramani ilisema tangi la zamani, Hodan alisema malisho mapya. Program ikazuia safari, ikisubiri jibu letu. Ilifanya kazi bila kosa, nasema hivyo mpaka leo.

Lori likabaki uani, limejaa, linavuja tone tone. Sisi tumesimama kando yake tukijadiliana. Kivuli chake kilikuwa kizuri.

Ndipo akaingia mama mmoja, Dahabo, aliyepanda lori la mifugo kutoka huko huko Modogashe. Midomo ilikuwa imempasuka. Akagonga tangi kwa kiganja.

"Hii maji ya nani?"

"Yenu, eddo," Hodan akamjibu. Kwetu shangazi huitwa hivyo.

"Kama ni yetu, kwa nini iko hapa?"

Mzee Dakane akamwambia tunaongea.

"Mbuzi imekufa, mkaongea. Ngamia imelala chini, mkaongea. Sasa watoto imebaki." Akanigeukia, akaniita kama vijana wanavyoitwa kwetu. "Warya, wewe wa shati ya India. Hapa nani anasema ndio?"

Mama akapanda lori akaketi kando ya dereva, akafunga mlango.

Wakuu, niliingia ndani nikaandika mstari mmoja: zikigongana, fuata watu. Printer ikalia. Nikampa dereva karatasi.

"Nani ameamua?" Mzee Dakane akauliza.

"Mimi."

Neno hilo lilikuwa halijawahi kusemwa katika ofisi ile. Lori likawashwa. Tukabaki juani, kivuli kimeondoka.

Nikamwendea Mutua kumwomba radhi kwa kumwangusha hadharani. Akanishangaa.

"Kwani ni hiyo tu iliwasumbua? Si mngeniambia Monday? Kwetu mtu akishindwa kwenye meeting anaenda kunywa chai."

Tulikuwa tumemlinda na aibu ambayo hakuwa nayo, na bei yake wakailipa watu wa Dahabo kwa kiu.

Lori lilirudi na dereva akasema watoto wote wamekunywa. Alileta pia dumu la maziwa ya ngamia, "ya yule alisema mimi."

Mzee Dakane akasema maziwa ni ya timu. Tukasimama kujadiliana nani aanze. Mutua hakungoja, akachukua kikombe akajimiminia.

Funzo langu: sikilizeni kila mtu, lakini kabla hamjaanza kusikilizana, mtajeni kwa jina atakayesema ndio. Na mgeni muulizeni kama anaumia, msimkisie.

Haya, kwenye timu yako nani anasema "mimi"? Au bado mko kivulini? Mwageni ya kwenu hapa chini, hata wenye degree mnakaribishwa.