Waziri Aliyeacha Kazi Mwenyewe

Wiki jana nilikuwa Biashara Street kwa fundi cherehani, nangoja leso za mke wangu zipindwe. Mimi nimejua kusoma juzi tu, kwenye masomo ya ngumbaru, kwa hivyo popote nikikuta gazeti nalisoma kwa sauti, niombwe nisiombwe.

Gazeti la hapo kwa fundi lilieleza habari za Mskoti mmoja. Alianza udiwani kwao, akawa mbunge, akapanda hadi uwaziri kwenye serikali ya London. "Halafu," nikasoma, kidole kikifuata mstari, "akajiuzulu, kwa sababu hakukubaliana na wenzake."

Fundi akatoa mguu kwenye cherehani. "Akafukuzwa, wataka kusema."

"Akajiuzulu."

"Mwenyewe? Na gari akarudisha?"

"Gari halikuandikwa."

Mama mmoja aliyekuwa akichagua uzi akanihurumia. "Soma pole pole, baba. Waziri haachi kazi hivi hivi. Hapo umeruka neno."

Nikasoma tena. Nikasoma mara ya tatu, herufi moja moja, jasho lanitoka. Neno lilikuwa lile lile, lakini wote wawili walinitazama kama atazamwavyo mtoto aliyekwama kwenye silabi, nami nikaanza kuyashuku macho yangu. Nikakohoa.

"Akafukuzwa," nikasoma, "kwa wizi."

"Ehee!" Mama akanipiga bega. "Waona? Sasa wajua kusoma."

Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi njia nzima mpaka nyumbani.