Maduka Yasiyoagiza

Mama mdogo hakuweza kuingia dukani bila kutia mkono nyuma ya rafu. Liwe duka la viatu, la dawa au la vifaa vya shule, aliupenyeza mkono katikati ya bidhaa mpaka kiwiko kikazama, kisha akautoa na kuvitazama vidole vyake. Vikiwa safi, alitabasamu. Vikiwa na vumbi, uso ulimshuka kama wa mtu aliyeonyeshwa picha ya marehemu. Mimi nilisogea pembeni nikajifanya simjui.

"Mama, umepoteza kitu huko?" muuza duka mmoja alimuuliza.

"Hapana, baba. Naangalia tu ni nani amesahauliwa."

Alikuwa anazungumzia bidhaa. Kitu kilichokaa nyuma mpaka kikashika vumbi kilipelekwa mahali kisipohitajika, na kwake hilo lilikuwa jambo la huzuni, kwa sababu kulikuwa na mahali pengine kilipongojwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake tangu ujana: kukaa katika ghala la kampuni ya sabuni na mafuta ya kupikia na kuamua mzigo upi upande lori lipi, uende duka lipi.

Ghala lile nalikumbuka kama kitu nilichokiota nikiwa na homa nyepesi. Paa la mabati lilikuwa juu sana, na mwanga ulipita kwenye nyufa zake ukashuka taratibu, umejaa chembe za unga wa sabuni. Katoni zilipangwa juu ya chaga mpaka zikawa kuta, na kati ya kuta hizo kulikuwa na vichochoro ambamo sauti ya mtu ilikufikia imelainika, kana kwamba nayo imefuliwa. Mwisho wa kichochoro kimoja palikuwa na kiti cha plastiki. Asubuhi, kabla ya kupakia lori la milimani, mama mdogo aliketi pale akafumba macho. Alikuwa anaipanda njia kichwani. Hapa penye kona shule zinafunguliwa, sare zitafuliwa, iongezwe miche ya sabuni. Pale juu wamevuna, watu watakaanga, yaongezwe mafuta. Mvua inakaribia na barabara itateleza, bora mzigo utangulie. Midomo yake ilicheza kidogo, mikono ikiwa imelala mapajani.

"Msimsumbue," dereva aliwaambia wapakiaji. Tulimwita Polepole, ingawa jina hilo lililistahili lori lake kuliko yeye. "Mama Ghala kasafiri. Raha yake ni kwamba huko anakopita matairi hayapasuki."

"Nakusikia, Polepole."

"Ala, kumbe njiani kuna mtandao."

Njia ya milimani ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Alipokuwa msichana, kazini bado mgeni, alipanda na lori baada ya mvua kuifunga barabara kwa muda mrefu. Katika duka la mwisho alimkuta mwenye duka, fundi cherehani aliyeshona upande mmoja na kuuza upande mwingine, amesimama mbele ya rafu tupu, mikono ameitanua kidogo, kama mtu anayemzuia mgeni asione chumba kisichofagiliwa. Alikuwa na shida ya kila kitu, na hakuomba hata kimoja. Mama mdogo alishuka mlima siku ile ameapa kimoyomoyo kwamba watu wale hawatalazimika kuomba tena. Na hawakuomba. Mzigo uliwafikia kabla hawajaukosa, mwaka baada ya mwaka, mpaka wakasahau kwamba kuna kitu kinachoitwa kuagiza.

Kisha akaja meneja mpya, kijana mpole mwenye sauti ya chini, na utaratibu mpya. Kila duka liagize lenyewe kwa simu, na kompyuta ndiyo iamue lori liende wapi. Alikuwa na hoja. Malori yalikuwa machache na mafuta ya kuyaendesha hayashikiki bei. Mjini rafu zilikauka huku bidhaa hizo hizo zimelala mahali pengine. Siku moja alimwita mama mdogo ofisini, akamvutia kiti, akamgeuzia kioo cha kompyuta.

"Mama, hii ndiyo njia ya milimani."

Palikuwa na mstari mmoja uliolala chini kabisa, umenyooka kama uzi.

"Mbona hakuna kitu?"

"Ndicho ninachojiuliza na mimi. Mzigo unakwenda, lakini hakuna anayeuita. Hakuna duka hata moja la huko lililowahi kuagiza. Makao makuu wakitazama hapa, wanaona hakuna watu."

"Wapo."

"Najua wapo. Lakini msimu huu ukiisha, njia isiyo na oda inafutwa na lori linahamia mjini. Waagize tu, mama, kila duka kwa simu yake. Wakiagiza, njia inabaki. Sitaki zaidi ya hapo."

"Hawakuzoea kuomba."

"Nani aliwazoesha hivyo?"

Aliuliza bila kumsuta, alitaka tu kujua. Mama mdogo aliendelea kuutazama ule mstari.

Akamtuma Polepole awaeleze wenye maduka mmoja mmoja. Polepole alirudi na vumbi mpaka kwenye kope.

"Nimewaambia wote. Wamecheka. Wanasema Mama Ghala anajua wanachotaka kuliko wao wenyewe, sasa wamsumbue kwa nini?"

"Ukawajibu nini?"

"Niwajibu nini, na mimi nimeoa miaka yote hii na bado nikinunua kitenge nakosea rangi? Nilikunywa chai yao nikaondoka."

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisimamisha mzigo wa milimani. Waishiwe, ndipo watapiga simu.

Mwaka ule nilikuwa nimerudi kukaa kwake, kwa sababu ambazo hazihusiani na habari hii, kwa hiyo nilimwona akingoja. Kungoja kwake kulikuwa kama kuishi na mtu aliyehama akaacha mwili. Alikatisha kijiko njiani, macho yakiwa kwenye ukuta. "Sasa pale penye kona wameanza kuuza vipande," alisema. Au akiwa ananyoosha nguo: "Leo fundi amefungua dumu la mwisho." Pasi ilikaa hewani, mvuke ukampanda usoni, na mimi niliyaona maduka yale ambayo sikuwahi kuyafikia, rafu zikiwa nyeupe moja baada ya nyingine, kama taa zinavyozimwa katika nyumba ndefu. Kila jioni alimpigia meneja, na kila jioni meneja alisema, "Bado, mama." Msimu ulikuwa unakwisha.

"Wapigie wewe," nilimwambia.

"Niwaambie nini? Niombeni?" Akacheka bila furaha. "Mwanangu, hilo nalo ni kuwapelekea."

Lakini hakuvumilia. Zilipobaki siku chache tulipanda na Polepole, lori likiwa tupu, turubai likipigapiga nyuma yetu. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba miti ilijitokeza barabarani kama watu wanaotaka kuuliza jambo kisha wakabadili mawazo. Tulikwenda moja kwa moja mpaka duka la mwisho. Fundi, sasa mvi tupu, alikuwa kwenye cherehani yake. Alipomwona mama mdogo alisimama haraka na kwenda kujiweka mbele ya rafu. Nyuma yake hapakuwa na kitu.

"Karibu, dada. Umepona?"

"Nimepona nini?"

"Si ulikuwa unaumwa? Tulijua tu. Mzigo haukuja, tukasema Mama Ghala anaumwa. Tukakuombea."

"Mbona hamkupiga simu?"

Fundi alimtazama kwa mshangao. "Mtu mgonjwa umpigie simu ya sabuni?"

Akatueleza, kwa fahari kidogo, walivyojipanga. Miche iliyobaki waliikata kwa uzi wa cherehani, kila nyumba ikapata kipande. Hakuna aliyelalamika. Walioishiwa kabisa waliazimana. Mama mdogo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa kwenye benchi la wateja.

"Kaka yangu, siumwi. Mmekaa kimya, na kimya chenu huko chini wamekisikia kwamba hamhitaji kitu. Lori hili linaondolewa. Mkosaji ni mimi, niliwabebea mpaka midomo. Chukua simu uagize."

"Niagize nini?"

"Mimi sikuambii."

Yalipita mambo mengi usoni mwa fundi. Mwishowe alitoka nje, akapanda juu ya jiwe ambako simu ilishika mtandao, na sisi tukasimama chini yake. "Halo," alisema, "samahani sana, kama hamna kazi nyingi, nilikuwa naomba, ikiwezekana lakini..."

"Usiwaombe samahani," mama mdogo alimwambia kutoka chini. "Sema nataka."

Fundi alifunika simu kwa kiganja. "Dada, si adabu."

"Sema."

"Nataka," fundi alisema ndani ya simu, kwa sauti ya mtu anayeingia maji ya baridi. "Nataka sabuni ya miche. Nataka na mafuta." Akawaza. "Nataka na ile ya maua, ya kuogea. Mke wangu huwa anaitaja." Mama mdogo aligeuka akatazama ukungu. Ile ya maua hakuwahi kuipeleka huko. Miaka yote ile alipofumba macho, hakuiona.

Tukashuka duka hadi duka. Wengine waliagiza kwa kunong'ona, na wa penye kona alipoonja utamu wake aliagiza mpaka sabuni ya kuogeshea mbwa.

"Huna mbwa," Polepole alimkumbusha.

"Nitatafuta."

Njia ya milimani haikufutwa. Meneja mwenyewe alimpigia jioni kumwambia kwamba mstari umeinuka. Lori likaendelea kupanda na kile watu walichokitaja. Mama mdogo alikaa kazini muda mfupi tu baada ya hapo. Nilimuuliza kwa nini hafumbi tena macho kwenye kiti chake. "Nikifika nakuta wameshajisemea," aliniambia. Sikuweza kujua kama anafurahi, na sidhani yeye alijua.

Alipokuja kuugua kweli, nilimuuguza chumbani kwake, penye dirisha linalotazama kamba ya nguo. Nilimsogezea mto kabla hajageuka. Nilimfunika kabla hajaona baridi. Chai ilifika mdomoni kabla hajameza mate. Alipokea kila kitu, akasema ahsante, na siku zikapita hivyo, shuka zikipanda na kushuka kwenye kamba kama kitu kinachopumua kwa niaba yake. Asubuhi moja niliponyanyua blanketi alinishika mkono.

"Kaa," alisema.

Nikakaa. Ilikuwa kazi ngumu kutomfanyia kitu. Niliona midomo yake imekauka nikaiacha. Mwanga ulihama kutoka ukutani mpaka kwenye miguu yake. Alikuwa anatafuta, nadhani, ndani kabisa mahali ambapo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nilikwenda sokoni, na niliporudi na mfuko mkononi nilimkuta jirani amesimama mlangoni ananingoja. Kwa hiyo neno lake la mwisho kwangu ni lile aliloniambia nilipokuwa natafuta viatu vyangu, sauti yake imekwaruza, ameona haya kidogo.

"Nataka chungwa," alisema. "Umesikia? Nimeagiza."