Wageni wa Bi Shufaa Kanada

"Sirudi Kanada, Tabia. Mwambie kaka yako."

"Mwambie mwenyewe, mama. Naseeb kapanda ndege toka huko kuja kukuchukua. Na hapa kwangu, mtaa wa Joubert Park, tunalala watano chumba kimoja, unaona mwenyewe."

Bi Shufaa akavuta kanga mabegani. Kanada alikaa kwa mwanawe msimu mzima wa baridi. Theluji ya kwanza aliifurahia kama mtoto, akaionja na sukari. Kisha siku zikawa giza. Mwana na mkewe kazini kutwa, wala hakuna jirani aliyebisha hodi. Alhamisi moja jioni akafukiza ubani, kama kwao Tanga. Madirisha yamezibwa, king'ora cha moshi kikalia, wazima moto wakaingia na mashoka.

"Niliwapikia chai ya tangawizi," alisema. "Ndio wageni pekee niliopata. Naseeb akaona aibu, akanikataza ubani."

"Na ile hadithi yako ya chafya iliyoganda hewani ikavunja kikombe?"

"Hiyo nilitia chumvi, mwanangu. Upweke sikuutia chumvi."

Tabia alitaka kujibu, mlango ukafunguliwa. Naseeb akaingia akitabasamu, mkononi koti zito jipya la kike. Mama mtu akaikaza kanga yake mabegani.