Friji Liache Uchi

Siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mjukuu wangu: siku friji langu la arusi lilipoingia ndani kwa dirisha. Ngazi za nyumba yetu pale Mji Mkongwe ni nyembamba na zinapinda mara mbili, na friji lenyewe lilikuwa refu kuliko mume wangu. Wanaume wakalifunga kamba, wakalilaza ubavu, wakalivuta mpaka ghorofa ya pili huku mtaa mzima umesimama chini unatazama. Mimi nilikuwa dirishani, hina haijafifia mikononi, najiona hakuna mwanamke aliyeolewa kunishinda.

Nakuhadithia haya kwa sababu nimesikia unachagua friji la nyumba yako ya Chukwani, na nimesikia pia mnayonisema. Mama yako na wajomba zako wamekaa wakakubaliana kuwa friji langu dogo la mlango mmoja linawatia aibu, wanataka kuniletea la milango miwili, lile linalotoa maji kwa nje. Nimewaambia sitaki. Anayetaka friji langu litoke humu ndani anitoe mimi kwanza. Kaa nikueleze kwa nini.

Lile refu la arusi nililichagua mwenyewe, dukani Mlandege, nikiwa na wifi yangu Rukia. Mama mkwe wangu, Bi Mwanakhamis, alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alijidunga sindano kila siku, na dawa ile inataka baridi, kwa hiyo akiiweka kwenye friji la Bi Zuhura, jirani yetu wa chini. Alitutuma kwa maneno machache: "Leteni dogo, la mlango mmoja, linatutosha. Mie nnataka pa kuwekea sindano zangu tu."

Tulipofika dukani Rukia akaweka mkono juu ya refu, la rangi ya fedha. "Wifi, hili ndilo. Lile dogo nani ataliona?"

Sikumuuliza mwenye duka hata swali moja. Sikupima ngazi wala ukuta, sikufikiri tutatia nini ndani yake. Nilikuwa nafikiri watu watasema nini, basi.

Lilipofika juu, wageni walishakaa wanangoja sharubati ya baridi. Friji lililotoka kulazwa linatakiwa lisimamishwe kwanza saa kadhaa, na likikaa siku nzima ndiyo bora, ili mafuta ya mota yarudi mahali pake. Sisi tulilichomeka pale pale, na kama halikufa siku ile ni rehema ya Mungu. Kisha tukaliweka sebuleni, maana jikoni lisingeonekana. Tukalibana baina ya kabati la vyombo na ukuta, mgongo umegusa chokaa. Juu yake nikatandika kitambaa nilichokifuma kwa mkono wangu miezi mitatu, cha maua mekundu, kikubwa, kinaanguka ubavuni na nyuma. Nikamalizia kwa maua ya plastiki na chupa mbili za chai. Lilipendeza, sitasema uongo. Wakati ule wengi wetu tulikuwa hivyo, tunayavisha mafriji yetu kama mabibi arusi.

Haikupita muda mrefu nikaona maji hayapoi. Siagi ikawa laini. Mota ilikuwa ikinguruma asubuhi mpaka jioni bila kupumzika, na mimi niliisikia. Nikanyamaza. Ningesemaje kuwa friji langu lina kasoro, wakati mtaa mzima ulishuhudia likipanda? Mgeni akitaka maji ya baridi nilishuka kuomba barafu kwa Bi Zuhura, nikaitia kwenye jagi jikoni, nikaja sebuleni natabasamu.

Na sindano za mama mkwe zilikuwa mle mle, kwenye rafu ya mlangoni, penye joto kuliko pote. Kila asubuhi alitoa dawa, akajidunga, akiamini imehifadhiwa. Hilo ndilo kosa langu, mwanangu, na silipambi.

Bi Mwanakhamis akaanza kunywa maji bila kukata kiu. Akakonda, macho yakaingia ukungu. Asubuhi moja tukamkuta hawezi kuinuka kitandani, tukamkimbiza hospitali. Daktari alipomaliza kumpima akauliza, "Dawa mnaiweka wapi?"

Mume wangu akajibu kifua mbele, "Kwenye friji, daktari. Jipya."

Nikaangalia chini. Nikasema, "Friji halina baridi, daktari. Mwezi wa pili sasa."

Mume wangu hakunigombeza. Alinitazama tu, na mpaka leo, naye ameshatangulia mbele ya haki, mtazamo ule ninao.

Mungu alimrudisha mama mkwe. Siku aliyotoka hospitali alikuta tumeita fundi. Fundi yule hakulisogeza friji hata kidogo. Alifungua mlango, akatia mkono ndani, akatikisa kichwa. "Mota imekufa. Nnalichukua dukani kwangu."

"Hulichukui," akasema Bi Mwanakhamis. Alikuwa ameshika ukuta ili asianguke. "Mie nimefanya kazi hotelini hapa mjini, kwenye mafriza ya samaki, kabla weye hujazaliwa. Mota ikifa hunyamaza. Hii inanguruma. Hebu lisogezeni."

"Mama, kitambaa kitachafuka," Rukia akasema.

Bi Mwanakhamis akakishika kitambaa changu kwa pembe moja, akakivuta. Maua chini, chupa za chai chini, moja ikapasuka. Tukalivuta friji mbele. Huko nyuma vibomba vilikuwa vimevaa vumbi, na vya moto huwezi kugusa.

"Mnalivisha koti?" aliniuliza. "Joto linalotoka ndani linatokea huku. Weye umepaziba, unataka liende wapi?"

Akaomba kipande cha karatasi. Akakibana kwenye mlango, akafunga, akakivuta, kikatoka bila kushikwa. Mpira wa mlango ulikuwa umegandwa na sharubati iliyomwagika siku ya arusi, haufungi sawasawa. Nikaufuta kwa maji vuguvugu na sabuni mpaka kwenye pembe, nikapangusa vumbi la nyuma baada ya kuchomoa waya, tukaliacha friji mbali na ukuta kiasi cha shibiri. Fundi alikusanya vyombo vyake akaondoka bila kuaga. Kesho yake, baada ya adhuhuri, tulikunywa maji yakatuuma meno.

Nilimpelekea gilasi ya kwanza kitandani kwake. Akanywa, akanirudishia. "Ungesema tu, mwanangu," akaniambia. "Sindano ningezirudisha kwa Bi Zuhura." Bora angenitukana.

Siku chache baadaye walikuja watu kumposa Rukia. Akanijia na kitambaa, kimefuliwa na kupigwa pasi. "Wifi, leo tu. Wakishaondoka tutakitoa."

"Hakitandikwi."

"Watu watasema nini?"

"Waseme. Wakichoka waje wanywe maji ya baridi."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupandisha sauti katika nyumba ile, mimi mke wa juzi tu. Nikasikia Bi Mwanakhamis anacheka chumbani kwake. Rukia akaolewa kama kawaida, na hakuna aliyeuliza friji limevaa nini.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kabla hujaenda dukani, pima mlango wako, pima na mahali litakapokaa. Hesabu watu wa nyumba yako, usihesabu wageni. Nyinyi wawili la mlango mmoja linakutosheni. Ukiwa unauza barafu au samaki, nunua friza la kulala, lile linalofunguliwa kwa juu. Liweke mbali na jiko na jua, mgongo wake upumue, na ubavu pia, maana haya ya siku hizi mengine hutolea joto ubavuni. Huko Chukwani uko karibu na bahari, chumvi inakula chuma, basi lipanguse mara kwa mara. Umeme ukikatika usilifunguefungue, na likae na kile kifaa cha kulilinda umeme unaporudi kwa kishindo. Likiganda barafu usichokoe kwa kisu, utatoboa bomba. Lizime, fungua mlango, ngoja. Ukiona maji yanatiririka ndani tafuta kile kitundu cha kutolea maji, ndani kwa nyuma, mara nyingi kimezibwa na jani la mchicha. Fundi asiyelisogeza usimwachie alichukue.

Na likikushinda, sema. Siku ile ile sema, mbele ya mumeo, mbele ya mawifi, mbele ya yeyote aliyeweka chakula chake au dawa yake humo. Wakikucheka wacha wacheke.

Mimi sasa nami nina sukari, najidunga kila asubuhi, unajua. Dawa yangu iko kwenye hilo dogo mnaloliita aibu, na ni ya baridi, nimeigusa leo. Ndiyo maana haliendi popote, na umwambie mama yako hivyo hivyo nilivyosema.

Kile kitambaa cha maua mekundu ninacho bado. Nimekikunja nimekutilia kwenye sanduku lako la arusi. Kitandike mezani, kitandani, mfunike mtoto Mungu atakapokujaalia. Friji liache uchi. Na Mwenyezi Mungu akupe nyumba ambayo mtu akiuliza kama maji ya baridi yapo, unajibu kweli, yakiwapo na yasipokuwapo.