Betri Iliyotangazwa Kanisani

Mimi ndiye mwalimu wa kompyuta hapa Mugoma, naomba mlikumbuke hilo.

Ijumaa laptop ya shule ilichomoka kwenye keria ya baiskeli yangu, ikadunda barabarani pale mteremkoni. Nikaipangusa vumbi, nikaendelea na safari. Nyumbani ikagoma kuwaka, na alama zote za darasa la saba zimo humo! Chaja ilikuwa shuleni. Nikabonyeza kitufe mpaka kidole kikafa ganzi. Jumamosi nikaianika juani pamoja na maharage.

"Mbona nyepesi hivi?" mke wangu akauliza.

"Za kisasa ndivyo zilivyo," nikamjibu kitaalamu.

Mwalimu mkuu alipopiga simu, nikamwambia nipo nayo, nachapa ripoti.

Jumapili, wakati wa matangazo, mzee wa kanisa akainua kitu cheusi. "Kuna mama kaokota hii mteremkoni tangu Ijumaa. Mwenyewe ajitokeze."

Betri! Nilivyosikia nafuu, nikaruka juu: "Bwana asifiwe! Ya laptop ya shule hiyo!"

Kwenye benchi la mbele, mwalimu mkuu akageuka taratibu.

"Mwalimu, ile ripoti ya jana ulikuwa unaichapia wapi?"