Menyu niliyoitafsiri mimi

Baba yangu amelazwa leo, jamani, na mkono wangu umo.

Nahudumu kwenye hoteli ya kitalii hapa Vitongoji. Leo wafanyakazi tuliruhusiwa kuleta wazee wetu waje kula.

Baba ana kisukari. Natoka jikoni, namkuta kashamaliza gilasi tatu za juisi ya ukwaju.

"Baba, hukuuliza kama ina sukari?"

"Mgeni haulizi alichokirimiwa, mwanangu."

Alasiri akaanza kutapika, kauli haieleweki. Tukamkimbiza hospitali.

Menyu ya Kiingereza imeandika kiasi cha sukari cha kila kinywaji. Ya Kiswahili, aliyopewa Baba, nilitafsiri mimi, nikairuka hiyo sukari. Nikasema watu wetu hawaulizi mambo hayo.

Sasa daktari ananiuliza, "Kwani hotelini kwenu hamuandiki?"

Nyinyi mngemjibu nini?